Kompyuta ya Mezani Inayozima Yenyewe Inapowashwa: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kipande

Kompyuta ya mezani iliyounganishwa kwa vipande vilivyochaguliwa kimoja kimoja ina faida kubwa kwa mtu wa Tabora. Hununuliwa kidogo kidogo kadiri fedha inavyopatikana, hufunguliwa na kurekebishwa hapa hapa mjini, na kipande kilichokufa hubadilishwa bila kutupa vilivyo hai. Hata hivyo, ikianza ugonjwa wa kuzima au kujiwasha upya wakati wa kuwaka, leo ikafanya kazi vizuri na kesho ikagoma, mwenyewe hubaki hajui pa kushika, kwa sababu hakuna mtengenezaji mmoja aliyeiunda yote na kila muuzaji husema kipande chake ni kizima.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, awe mwenye duka la steshenari Ng'ambo, mwanafunzi wa chuo, au fundi anayeanza kazi. Shabaha yake ni moja: kipande kisinunuliwe kabla haijathibitishwa kwamba ndicho kibovu. Vipande vingi tunavyovitumia hutoka Kariakoo na kufikishwa hapa kwa basi, na mtu aliyeagiza mazabodi (bodi kuu inayounganisha vipande vyote) kwa kubahatisha, kisha akaona hitilafu iko pale pale, hupata taabu sana kumshawishi muuzaji wa Dar es Salaam airudishe. Nimeona watu wakibadilisha mazabodi, ramu (vijiti vya kumbukumbu ya muda) na diski kwa mfululizo huo, ilhali kilichokuwa kibovu ni ekstensheni ya sakafuni. Inaniuma, kwa kuwa fedha hiyo ingeweza kulipa ada ya mtoto.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: bisibisi ya nyota yenye sumaku, multimita ya kawaida, brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, raba ya kufutia penseli, flashi moja, na daftari.

Hatua ya kwanza: andika ni wakati gani hasa inaanguka

Hitilafu inayoonekana haina mpangilio huwa na mpangilio wake, ila hauonekani mpaka uandikwe. Kwa siku kadhaa, kila unapoiwasha, andika saa, andika kompyuta ilikuwa imekaa ikiwa imezimwa kwa muda gani, andika ni vyombo gani vingine vilikuwa vinatumia umeme wakati huo, na andika ilifika wapi kabla ya kuanguka, yaani kabla ya kuzima, kujiwasha upya au kukwama. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Ikizima ndani ya sekunde chache kabla ya picha yoyote kutokea, shuku kwanza umeme, pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme kwa vipande vya ndani), waya uliokaa vibaya, shoti ndani ya kasha, au kipoozeo cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kisichogusa vizuri. Ikiwa feni zinazunguka lakini skrini inabaki nyeusi, macho yaende kwenye ramu na kadi ya video. Ikifika kwenye nembo ya mazabodi na kukwama hapo, chanzo huwa mara nyingi ni mipangilio ya ramu, diski inayochelewa kujibu, au kifaa cha USB kilichochomekwa. Ikianguka wakati vidoti vya Windows vinazunguka, orodha hubadilika: draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa), diski, na ramu tena. Na ikianguka dakika moja au mbili baada ya picha ya mezani kutokea, fikiria joto, programu zinazojiwasha zenyewe, na mzigo wa umeme unaopanda ghafla prosesa na kadi ya video zinapoanza kazi kwa pamoja.

Namna ya kuanguka nayo iandikwe. Kuzima kabisa kama vile plagi imechomolewa ni dalili ya umeme au ya ulinzi wa pawa saplai kujikata. Kujiwasha upya bila onyo kunaweza kuwa umeme, ramu au prosesa. Skrini ya buluu ina nafuu, kwa maana Windows yenyewe imewahi kugundua tatizo na kuliandika, na andiko hilo tutalisoma baadaye.

Mazabodi nyingi za miaka ya karibuni zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, yaani prosesa, ramu, kadi ya video na diski ya kuwashia, ambazo huwaka kwa zamu wakati kompyuta inajikagua. Taa inayobaki inawaka baada ya kukwama ndiyo inayoonyesha kundi la kipande kinachosumbua. Kama mazabodi haina taa hizo, spika ndogo ya kuchomeka kwenye pini zake hufanya kazi hiyo kwa milio, na maana ya milio hiyo imo katika kitabu cha mazabodi husika, kwa kuwa kila mtengenezaji ana mpangilio wake.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Baada ya kubadilisha ramu, au baada ya kubadilisha mipangilio ya BIOS (programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta), mazabodi nyingi huwaka, huzima, kisha huwaka tena zenyewe wakati zinajaribu kasi ya ramu. Kompyuta zenye ramu ya DDR5 huweza kukaa na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza. Hilo likitokea mara moja si ugonjwa, na mtu asiye na subira akiikatiza kwa kuzima swichi, huilazimisha ianze upya kazi ile ile.

Hatua ya pili: kagua umeme wa ukutani

Fundi wa mahali pengine huenda angeanza na ramu. Kwa hapa kwetu naona ni busara kuanza na ukuta, kwa sababu kuukagua hakugharimu kitu na kwa sababu umeme mbaya huiga dalili za karibu kila kipande kingine.

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Weka multimita kwenye alama ya volti za AC, pima kwenye soketi ile ile inayotumiwa na kompyuta, na upime katika nyakati tofauti: asubuhi, mchana wakati mashine za kusaga na za kuchomelea zinafanya kazi, na jioni watu wanapopika na kupiga pasi. Kipimo kikibaki kati ya volti 207 na 253, yaani asilimia 10 chini au juu, pawa saplai nzuri haitalalamika. Kikishuka chini sana, au kikirukaruka kila mita inapotazamwa, andika na ulinganishe na daftari lako. Shika ncha za multimita sehemu ya plastiki tu, na kama hujawahi kupima umeme wa ukutani, muombe fundi umeme akupimie.

Kisha itazame ekstensheni. Duka moja la steshenari eneo la Isevya lilikuwa na kompyuta iliyojiwasha upya asubuhi tu, wakati wa kufungua. Daftari lilionyesha kwamba ilianguka kila mara mashine ya kutoa kopi ilipowashwa dakika hizo hizo. Mashine ya namna hiyo hupasha moto rola yake kwa umeme mwingi kabla ya kuanza kazi, na vyote viwili vilitegemea ekstensheni moja nyembamba iliyolegea. Kompyuta ilipohamishiwa kwenye soketi yake yenyewe, hitilafu iliisha bila kununua kipande hata kimoja. Kwa hiyo jaribio la kwanza liwe hilo: ichomeke kompyuta peke yake moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni, bila stebilaiza na bila UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika), na uione kwa siku kadhaa. Fanya hivyo wakati hakuna dalili ya radi.

UPS inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu wengi huiamini kupita kiasi. Betri yake ni ya risasi na asidi, huchoka ndani ya miaka michache, na joto huiharakisha. Betri iliyochoka hubeba taa ya kijani bila tatizo, lakini umeme ukiyumba kidogo wakati kompyuta inawaka, UPS huhamia kwenye betri, betri hushindwa, na kila kitu huzima. Aidha, UPS za bei ndogo na inveta nyingi za sola zinazotumiwa Sikonge, Kaliua na vijijini hutoa umeme wenye wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hazipatani nalo. Dalili yake ni kompyuta inayofanya kazi vizuri kwenye umeme wa gridi lakini inakata papo hapo inapohamia kwenye betri.

La mwisho katika hatua hii ni ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Ukigusa chuma cha kasha na kuhisi mtekenyo wa umeme kwenye vidole, hiyo ni ishara kwamba waya wa ethi haufiki ardhini, kwa sababu kichujio kilicho ndani ya pawa saplai huruhusu umeme kidogo upite kwenda kwenye kasha na hauna pa kutokea. Hapa Tabora jambo hili huzidi miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, udongo unapokauka na fimbo ya ethi kukosa unyevu unaoiunganisha vizuri na ardhi. Soketi za mashine katika hali hiyo, hasa za USB na za HDMI, huweza kuungua unapochomeka kifaa kingine kilichounganishwa na umeme. Fundi umeme aitazame fimbo na maungio yake. Kazi hii isifanywe kwa kubahatisha.

Hatua ya tatu: fungua kasha, safisha, na bonyeza kila kiungo

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma kisicho na rangi cha kasha kabla ya kugusa kipande chochote, na urudie kila unapoondoka na kurudi, kwa kuwa hewa kavu ya kiangazi hujaza mwili umeme tuli unaoweza kuua ramu bila wewe kuhisi lolote. Usifanyie kazi hii juu ya zulia au ukiwa umevaa sweta.

Vumbi letu jekundu huingia kila mahali. Litoe kwa brashi na blowa, ukizishika feni zisizunguke wakati wa kupuliza, na usisahau matundu ya pawa saplai na mianya ya kipoozeo. Kwa walio karibu na Ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma na Ujiji, unyevu wa hewa ni adui zaidi kuliko vumbi, na kutu ndogo ya kijani au nyeupe kwenye pini itafutwe kwa makini.

Baada ya kusafisha, ng'oa na urudishe kila kiungo mpaka usikie au uhisi kimejifunga: waya mpana wa pini 24 wa mazabodi, waya wa pini 8 au 4 wa prosesa ulio karibu na kona ya juu, waya wa kadi ya video, na nyaya za diski. Waya wa prosesa uliokaa nusu ni chanzo cha kawaida sana cha kompyuta inayowaka siku nyingine na kugoma siku nyingine. Kadi ya video inayodai viungo viwili vya umeme ipewe nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, wala isipewe umeme kwa viungo vya kugeuza vinavyotoka kwenye nyaya za diski, kwa kuwa kiungo cha pini 8 kimekusudiwa kubeba hadi wati 150 na nyaya zile nyembamba hupata moto.

Mambo mawili zaidi hufichika. La kwanza ni vile viguzo vya shaba vinavyoinua mazabodi juu ya kasha. Kiguzo kimoja kilichofungwa mahali pasipo na tundu la mazabodi hugusa nyaya za chini yake na kuleta shoti inayotokea na kupotea kadiri kasha linavyopata joto au kusogezwa. La pili ni kitufe cha kuwashia. Vitufe vya makasha ya bei nafuu hunasa ndani, na kitufe kilichonasa kwa sekunde nne hivi huzima kompyuta kana kwamba umeiamuru. Chomoa nyaya za kitufe cha kuwashia na cha kuwasha upya kutoka kwenye mazabodi, kisha iwashe kwa kugusisha kwa nukta moja zile pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Ikikaa vizuri hivyo kwa siku kadhaa, umepata mhalifu.

Hatua ya nne: punguza mpaka kibaki kiini

Chomoa kila kisichohitajika ili kompyuta iwake: diski zote, kadi ya video kama prosesa ina picha yake yenyewe, feni za mapambo, vifaa vyote vya USB isipokuwa kibodi, pamoja na waya wa soketi za USB za mbele ya kasha. Bakiza mazabodi, prosesa na kipoozeo chake, kijiti kimoja cha ramu, na pawa saplai.

Sasa rudisha BIOS katika mipangilio ya kiwandani. Chomoa umeme, toa betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache, au tumia pini zilizoonyeshwa katika kitabu cha mazabodi. Ukiwa nayo mkononi, ipime: mpya hutoa volti 3 au zaidi kidogo, na ikiwa imeshuka chini ya 2.8 ibadilishe. Kompyuta inayosahau tarehe kila umeme unapokatika ina betri iliyochoka, na kila inaposahau hupoteza pia mipangilio ya diski na ramu, jambo linaloweza kuifanya iwake leo na kukwama kesho.

Kiini hiki kikiwaka mara nyingi mfululizo bila kuanguka, rudisha vipande kimoja baada ya kingine, ukijaribu baada ya kila kimoja. Usirudishe viwili kwa pamoja, hata kama una haraka na mteja amesimama mlangoni. Kiini chenyewe kikianguka, toa mazabodi kwenye kasha, iweke juu ya boksi lake la karatasi, na ujaribu hapo. Ikiwaka vizuri nje ya kasha, hitilafu ni shoti ya kasha au kitufe.

Hatua ya tano: ramu

Ramu ndiyo inayosababisha maanguko ya kushangaza zaidi, kwa sababu tundu moja bovu la kuhifadhia data katika mabilioni huguswa tu pale Windows inapotokea kuweka kitu muhimu mahali hapo.

Toa vijiti vyote. Futa meno yake ya dhahabu kwa raba safi kwa upole, ondoa unga wa raba kwa brashi kavu, na uvirudishe kwa kubonyeza ncha zote mbili mpaka vishikio vijifunge. Kwenye mazabodi yenye nafasi nne, vijiti viwili huwekwa nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kuanzia kwenye prosesa. Kuviweka pengine huleta uyumbaji kwenye mazabodi nyingi.

Kisha angalia kama kasi ya ziada imewashwa katika BIOS chini ya jina la XMP au EXPO. Kijiti kinachotangazwa kuwa cha 3600 hufika kasi hiyo kwa mpangilio huo tu, ambao ni nje ya kiwango cha kawaida cha DDR4 kinachoishia 3200, na si kila prosesa na mazabodi vinakubaliana nao. Zima mpangilio huo na ujaribu kwa siku kadhaa. Ikitulia, ramu yako huenda ni nzima kabisa ila imedaiwa zaidi ya uwezo wa jozi hiyo, na kasi ya chini kidogo itatosha. Vijiti viwili vilivyonunuliwa siku tofauti kutoka maduka tofauti, hata vikiwa na jina moja, vina hatari hiyo zaidi kuliko jozi iliyofungwa pamoja kiwandani.

Baada ya hapo weka programu ya Memtest86+ kwenye flashi. Ni ya bure, haihitaji Windows, na huwaka yenyewe kutoka kwenye flashi. Iache izunguke usiku kucha, angalau mizunguko minne, ikiwa umeme wa eneo lako unaruhusu. Hitilafu moja tu ya rangi nyekundu inatosha kuikataa ramu hiyo. Hakuna kiwango cha makosa kinachovumilika hapa. Zikitokea, jaribu kijiti kimoja kimoja katika nafasi ile ile, kisha kijiti kizuri katika kila nafasi, ili ujue kama kibovu ni kijiti au ni nafasi ya mazabodi. Tofauti hiyo hubadili kabisa unachokwenda kununua.

Hatua ya sita: pawa saplai

Daftari likionyesha kwamba kompyuta hugoma asubuhi baada ya kulala usiku kucha, kisha ikishawaka hufanya kazi siku nzima, ipe pawa saplai nafasi ya juu katika orodha. Kapasita (vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi) zilizochoka hufanya kazi vibaya zikiwa baridi na hupata nafuu zikipata joto, kwa hiyo mwenyewe huiwasha mara tatu au nne mpaka ikubali, akidhani ni tabia yake. Asubuhi za Juni na Julai hapa Tabora hulidhihirisha tatizo hili vizuri.

Kwa multimita iliyowekwa volti za DC, pima kwenye viungo vyake kompyuta ikiwa inafanya kazi: mkondo wa volti 12 uwe kati ya 11.40 na 12.60, wa volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, na wa volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47. Kipimo kibaya kinathibitisha ubovu, lakini kipimo kizuri hakithibitishi uzima, kwa kuwa multimita haioni mshuko wa sehemu ndogo ya sekunde unaotokea mzigo unapopanda. Jaribio la kuaminika ni kuazima pawa saplai nzima yenye nguvu ya kutosha na kuifunga kwa siku chache. Katika azima hiyo tumia nyaya zake zenyewe. Nyaya za pawa saplai zinazochomoka hazifanani kati ya kampuni na kampuni hata pale zinapoingia, na waya wa kampuni nyingine unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5 na kuua diski zote kwa mara moja.

Usiifungue pawa saplai yenyewe. Kapasita yake kubwa hushikilia zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa, na hakuna uchumi wowote unaostahili hatari hiyo.

Wamiliki wa prosesa za Ryzen za vizazi vya mwanzo wanaotumia pawa saplai ya zamani watafute katika BIOS kipengele cha Power Supply Idle Control na kukiweka Typical Current Idle. Prosesa hizo hushusha matumizi ya umeme mno zinapopumzika, na baadhi ya pawa saplai za zamani hushindwa kuvumilia mshuko huo.

Hatua ya saba: joto

Hapa pana machache. Ingia BIOS, usifanye lolote, na utazame joto la prosesa kwa dakika kumi. Likipanda bila kusimama kuelekea nyuzi 90, kipoozeo hakigusi vizuri, kipande cha plastiki cha kinga hakikubanduliwa chini yake, au pampu ya maji haifanyi kazi. Ondoa kipoozeo, safisha pesti kuukuu, weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, na ukaze skrubu kwa kukatisha kona kwa kona.

Hatua ya nane: Windows na diski

Kompyuta iliyopita hatua zote hizo bado inaweza kuanguka kwa sababu ya programu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda sehemu ya mambo ya juu, na uondoe alama ya kujiwasha upya yenyewe baada ya hitilafu, ili skrini ya buluu ibaki mbele yako na usome jina lake. Jina la WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR huelekeza kwenye kifaa chenyewe, hasa prosesa na umeme wake. MEMORY_MANAGEMENT hukurudisha kwenye ramu. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE huelekeza kwenye diski, waya wake, au mpangilio wa diski uliobadilika ndani ya BIOS.

Kwa amri ya eventvwr utafungua kumbukumbu ya matukio. Wengi hukuta tukio la Kernel-Power namba 41 na kudhani limewaambia kuwa pawa saplai ni mbovu. Halisemi hivyo. Linasema tu kwamba Windows iliwaka bila kuwa imezimwa ipasavyo mara iliyopita. Fungua undani wake: ikiwa BugcheckCode ni 0, hapakuwa na skrini ya buluu, hivyo umeme ulikatika, au mashine iliganda na kuzimwa kwa kitufe; ikiwa si 0, namba hiyo ndiyo ya skrini ya buluu.

Jaribu pia kulinganisha kuwasha na kuwasha upya. Windows ikizimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu yake ya ndani kwenye diski ili iwake haraka kesho yake, lakini ikiwashwa upya kwa menyu huanza safi. Kompyuta inayoanguka baada ya kuzimwa, ila haianguki inapowashwa upya, ina sababu mojawapo kati ya mbili: ama hifadhi hiyo ina draiva mbovu, ama kuna kipande kisichopenda baridi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, na uangalie. Ikitulia ilikuwa hifadhi. Isipotulia, rudi hatua ya sita.

Kwa diski, programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma afya yake. Kwenye diski ya kuzunguka, idadi ya sekta zilizohamishwa au zinazosubiri ikiwa inaongezeka wiki hadi wiki, nakili kazi zako mahali pengine siku hiyo hiyo. Makosa ya CRC (data kuharibika njiani) yanayoongezeka kwa kawaida ni waya wa SATA, yaani waya wa data wa diski. Mafaili ya Windows yaliyoharibika kwa umeme kukatika ghafla hurekebishwa kwa sfc /scannow, ikitanguliwa na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth.

BIOS iachwe mwisho

Kuhuisha BIOS kunaweza kutibu uyumbaji wa ramu na wa prosesa. Wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 za mezani wanapaswa kulifanya bila kuchelewa, kwa kuwa mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi yake ziliomba volti kubwa kupita kiasi na kuharibika polepole, ikatoa marekebisho ya ndani yaliyofika kwa watumiaji kupitia BIOS mpya, na ikaongeza miaka miwili ya dhamana. Marekebisho hayo huzuia madhara mapya, ila hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Hiyo hudaiwa kwa dhamana.

Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza isiwake tena. Ifanye asubuhi tulivu, si mwezi wa Novemba mawingu ya radi yanapojikusanya, na uifanye kwenye UPS ambayo umekwisha kuipima kwa kuchomoa plagi yake ukutani huku kompyuta ikiwaka. Pakua faili linalolingana na jina kamili la mazabodi pamoja na namba ya toleo iliyochapwa juu yake.

Namna ya kujua kwamba imepona

Rejea daftari, tafuta hali ambayo kompyuta ilikuwa ikianguka, na uirudie hiyo hiyo kwa makusudi. Kama ilikuwa asubuhi ya baridi, izime usiku kucha ikiwa imechomolewa. Kama ilikuwa pamoja na mashine ya kopi, ziwashe pamoja. Mipangilio uliyoizima kwa ajili ya uchunguzi, kama XMP na kuwaka kwa haraka, irudishwe mmoja mmoja, ukipitisha siku kadhaa kati ya mmoja na mwingine. Kipande kipya kitakapofika kutoka Dar es Salaam, tunza boksi na risiti yake, na kile cha zamani usikiuze wala kukitupa mpaka muda mrefu kuliko ule uliokuwa ukipita kati ya anguko moja na jingine uwe umepita bila anguko lolote.